Mushahara wa piloti ni shauri la musafiri

Mutu wa Kindu akitaka kupanda ndege, anauliza maulizo matatu. Biye ni bei gani? Wanaruhusu kilo ngapi? Na ndege yenyewe, itakuja leo kweli, ao ni ile ya "kesho asubui"? Ulizo la ine hakuna mutu analiuliza: wale wawili wenye kukaa kule mbele, komanda na kopiloti, mara ya mwisho walilipwa lini?

Ukimuuliza jirani ulizo hilo pale kwenye kiwanja, atacheka. Atakuambia: "Baba, ile ni shauri yao na patron wao. Mie niko na shida zangu." Tena atakuonyesha komanda anapita na shati nyeupe, galoni ine mabegani, na atasema mutu wa namna ile hawezi kukosa makuta.

Siye tunasema: ile si shauri yao peke yao. Ni shauri letu. Mushahara wa piloti ni sehemu ya usalama wa musafiri, sawa vile matairi na mafuta. Na ukifuata historia ya ule mushahara, tangu wakati wa Wabelgiji mpaka leo, utaona pia namna nchi yetu ilipoteza ndege zake, moja nyuma ya ingine.

Muji wenye kutazama juu

Kindu ilizaliwa na muto na reli. Mwaka 1911 reli iliunganisha Kindu na Kongolo, juu kati ya hiyo miji miwili Lualaba iko na maji makali yenye masua haiwezi kupita. Kwa miaka mingi musafiri alikuwa anashuka hapa kutoka Ubundu na masua, analala, kisha anapanda treni ya kwenda upande wa Katanga. Wazee wetu wanakumbuka treni yenye ilikuwa na saa yake. Leo treni ya SNCC ikitoka Lubumbashi, hakuna mutu mwenye anaweza kuapa siku ya kufika. Na barabara ya Bukavu wakati wa mvua, kila dereva anaijua.

Kwa hiyo ndege kwetu si anasa ya wakubwa. Dawa za hospitali, vipande vya mashini, bidhaa za soko, mugonjwa mwenye anatafuta daktari wa mbali, mwanafunzi mwenye anarudi chuo: vyote hivyo vinapita juu. Wakati wa vita, kati ya 1998 na 2003, njia za inchi kavu na za maji zilifungwa, na muji uliishi kwa vitu vyenye ndege zilileta. Na tangu mwezi wa kwanza wa 2025, Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 na kiwanja chake kikafungwa, kisha kile cha Kavumu mwezi wenye ulifuata, mufanyabiashara wa Kindu alijifunza tena maana ya kukosa ndege.

Muji huu unajua pia kwamba piloti ni mutu wa nyama na damu. Tarehe 11 Novemba 1961, watu 13 wa jeshi la anga la Italia, wenye walikuja na ndege mbili za Umoja wa Mataifa kuletea askari wa Malaya vyakula na vitu vya kazi, waliuawa hapa kwetu na askari. Ilikuwa haya kubwa na majonzi makubwa, na huko Italia jina la Kindu lingali linatajwa kwa sababu hiyo. Tunaikumbusha leo kwa neno moja tu: mutu mwenye analeta chakula kwa ndege anaweka roho yake mbele. Tangu mwanzo wa kazi hiyo, mushahara wake ulihesabiwa kwa kuangalia hatari hiyo.

Zamani walilipa hatari

Angalia mufano wa Marekani, kwa sababu huko hesabu ziliandikwa vizuri. Kati ya 1918 na 1927, posta ya Leta ya kule ilikuwa na mapiloti wake yenyewe wa kubeba barua. Walipewa mushahara wa mwaka, na juu yake senti kidogo kwa kila maili. Safari ya usiku ililipwa mara mbili ya safari ya muchana. Kwa nini? Juu usiku ulikuwa unaua. Mapiloti zaidi ya 30 walikufa katika kazi ile ya barua.

Kisha kampuni za watu binafsi zilishika kazi, na zikaanza kupunguza. Mwaka 1931 mapiloti waliunda sendika yao. Mwaka 1934 baraza la kazi la serikali lilitoa uamuzi wenye uligeuka msingi wa mishahara yao: mutu alipwe kufuatana na miaka yake ya kazi, masaa yenye ameruka, na mwendo wa ndege. Ndege ikiwa na mwendo zaidi, piloti naye apate zaidi, juu anafanya kazi kubwa kwa saa moja ileile. Kwa sababu ya msingi huo, ndege zilipogeuka kubwa na zenye mbio, mushahara nao ulipanda. Miaka ya 1950 mpaka 1970 komanda wa ndege kubwa alikuwa sawa na daktari mukubwa katika muji.

Kwetu Kongo mambo yalianza na Sabena. Mwaka 1925 Edmond Thieffry alitoka Brussels tarehe 12 Februari na akafika Léopoldville tarehe 3 Aprili: siku 51. Baadaye Sabena ilifanya safari hiyo kuwa kazi ya kila juma. Nyuma ya uhuru, mwezi wa Juni 1961, Air Congo ilizaliwa, na Sabena ikabaki ndani na sehemu yake na watu wake wa ufundi.

Hapo ndipo mizani miwili ilianza. Mugeni mwenye alikuja kufanya kazi Kongo alikuwa na mukataba wa kwao: sehemu ya mushahara wake ilibaki Ulaya, katika franga za Ulaya. Mwana-Kongo, hata akifanya kazi ileile, alilipwa katika makuta ya hapa. Mwanzoni tofauti hiyo haikuonekana sana, kwa sababu makuta ya hapa yalikuwa na nguvu. Mwezi wa Juni 1967, Leta ilipotoa zaire mupya, zaire moja ilikuwa dola mbili za Marekani. Ndiyo, vijana, musome tena: zaire moja, dola mbili.

Mushahara uliyeyuka mukononi

Mwaka 1971 Air Congo iligeuka Air Zaïre. Kampuni ilinunua ndege kubwa za DC-10, na Wakongo wenyewe walikaa kwenye kiti cha komanda. Vijana wa shule waliandika katika madaftari yao kwamba watakuwa mapiloti. Mutu hakuandika hivyo juu ya shati nyeupe tu; aliandika juu alijua kazi ile inaweza kusomesha watoto na kujenga nyumba.

Kisha makuta yalianza kufa. Tuweke mufano wa hesabu, si mushahara wa mutu fulani. Mutu mwenye alipata zaire 500 kwa mwezi mwaka 1967, alikuwa na dola 1,000. Mwezi wa Oktoba 1993, Leta ilibadilisha makuta: zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire mupya moja. Zile zaire 500 zikageuka sehemu moja ya 6,000 ya noti moja. Hata kama patron aliongeza mushahara mara mia, mara elfu, bei ya unga ilikuwa inatangulia mbele. Mutumishi alipokea ijumaa. Jumatatu ile feza haikununua kitu.

Hapo mapiloti waligawanyika kama watumishi wengine wote. Wenye walipata nafasi inje walienda. Wenye walibaki walingojea, na waliingia katika deni. Ndege nazo zilikosa vipande, safari zilikosa siku, na watu walibatiza kampuni ya taifa jina la "Air Peut-être", ndege ya labda. Watu walicheka. Lakini ndani ya kicheko kile kulikuwa mutumishi mwenye alikuwa anafanya kazi ya labda kwa mushahara wa labda. Mwezi wa Juni 1995 Air Zaïre ilifilisika.

Lignes Aériennes Congolaises zilikuja nyuma yake, na hazikuishi muda murefu. Congo Airways iliundwa mwaka 2014, ikaanza kuruka mwezi wa Oktoba 2015 na ndege za Airbus A320. Hata mbele ya kuanza, ndege yake moja ilizuiwa Dublin na mahakama juu ya deni la zamani la nchi. Tulipiga makofi, tukaona bendera yetu angani, kisha tukaona tena ndege zinapunguka. Mwezi wa Desemba 2024 ilikuja Air Congo mupya, yenye Leta iko na sehemu 51 kwa mia na Ethiopian Airlines sehemu 49. Tunaitakia maisha. Lakini kila mara tunahesabu ndege, tunahesabu miji yenye itafikiwa, tunahesabu wakubwa wenye watakaa katika baraza. Hatujasikia mukubwa hata mumoja anasimama kwenye redio kueleza: mapiloti wetu watalipwa namna gani, katika makuta gani, na nani atahakikisha.

Tusisahau upande wa pili. Kampuni ya taifa ilipokufa, anga haikubaki wazi. Tangu miaka ya 1990 ndege za Antonov na Let zilijaza viwanja vyetu, na watu wa kuziendesha kutoka nchi za zamani za Usovieti. Huko kwao mishahara yao ilikuwa imekufa kama yetu. Kwa hiyo walikuja kuruka Kongo, wanabeba watu, bia, samaki na mawe ya cassiterite. Ile si hadisi kwa mutu wa Maniema. Mwenye aliishi Punia ao Kalima anakumbuka sauti ya mashini zile. Walikuwa wagumu, walikuwa na ujuzi, na wengi hawakurudi kwao. Walilipwa hatari kwa bei ya chini.

Hata kwa matajiri

Mutu atasema: ile ni matata ya nchi maskini. Hapana. Mwaka 1978 Marekani iliachilia kampuni za ndege zipange bei na njia zenyewe. Biye zilishuka, watu wengi walianza kusafiri, na ile ni faida kweli. Lakini vita ya bei ilikula mahali fulani. Nyuma ya mashambulio ya Septemba 2001, kampuni kubwa zilikimbilia mahakama ya kufilisika, na mapiloti walikatwa mishahara na pensheni.

Tarehe 15 Januari 2009, komanda Chesley Sullenberger alishusha Airbus juu ya muto Hudson, New York, mashini zote mbili zimekufa, na watu wote 155 wakaokoka. Dunia nzima ilimuimbia. Mwezi wenye ulifuata alikaa mbele ya wabunge wa Marekani, na hakusimulia ushujaa tu. Aliwaambia kwamba mushahara wake ulikatwa sehemu 40 kwa mia, kwamba pensheni yake ilipotea, na kwamba hakujua piloti mwenye anataka watoto wake wafuate kazi ile. Mutu mwenye mikono yake iliokoa watu 155!

Siku ambayo wabunge walikuwa wanajiandaa kumusikiliza, ndege ingine ndogo ya Colgan Air ilikuwa imekwisha kuanguka karibu na Buffalo, tarehe 12 Februari 2009. Watu 50 walikufa. Kopiloti alikuwa na miaka 24. Alikuwa anaishi kwa wazazi wake upande wa magaribi wa nchi, na alivuka nchi nzima usiku ndani ya ndege za wengine ili afike kazini. Mbele ya wachunguzi ilitajwa kwamba mushahara wake ulikuwa karibu dola 16,000 kwa mwaka. Kampuni ikasahihisha, ikasema ungefika karibu 24,000. Tuseme haki: wachunguzi waliandika kwamba sababu ilikuwa namna komanda alivyoshika ndege ilipokuwa inapoteza nguvu ya kuruka. Hawakuandika kwamba mushahara uliangusha ndege. Lakini nchi nzima iliuliza ulizo ambalo halikuulizwa mbele: huyu mutoto alilala wapi usiku ule, na kwa nini?

Sheria ikabadilishwa. Masaa ya kupumzika yaliongezwa, na kopiloti akatakiwa kuwa na masaa 1,500 ya kuruka. Kampuni ndogo zikakosa watu wa bei ya chini, zikalazimika kuongeza. Kisha Covid ilipeleka wazee wengi nyumbani, na watu walipoanza kusafiri tena, mapiloti walikuwa wachache. Mwaka 2023 mapiloti wa Delta walipata mukataba wenye kupandisha mishahara sehemu 34 kwa mia katika miaka ine. Kwa hiyo mushahara unaweza kupanda, unaweza kushuka, unaweza kupanda tena. Haushuki kama mvua kutoka kwa Mungu. Watu ndio wanaupanga: sheria, sendika, na soko.

Karibu na kwetu, angalia Kenya. Tarehe 5 Novemba 2022 mapiloti wa Kenya Airways walisimamisha kazi. Maelfu ya wasafiri walikwama Nairobi. Shauri kubwa lilikuwa akiba yao ya uzee, yenye kampuni iliacha kuchangia wakati wa Covid. Mahakama iliwaamuru warudi, na nyuma ya siku ine walirudi. Wengi waliwalaumu, wakasema hawa wanakula vizuri, wanataka nini tena? Inawezekana walikosea njia. Lakini angalau Nairobi iko sendika yenye inaweza kusema kwa sauti, na mahakama yenye inajibu ndani ya siku chache. Kwetu mutumishi wa ndege akikosa mushahara, nani anamusikia?

Article 15 haipandi ndege

Tunajua musomaji mumoja amekwisha kukasirika. Anasema: "Mwalimu wa Kailo anangojea makuta yake, muganga wa Kibombo anafanya kazi bila prime, na nyinyi muko munalilia piloti?" Ndugu, hatulilii. Tunauliza ulizo lilelile. Nchi yenye haimulipi mwalimu, inakula watoto polepole. Nchi yenye haimulipi piloti, inakula watu kwa siku moja. Tofauti ni mbio tu.

Siye wote tunajua Article 15: jipange mwenyewe. Polisi asipolipwa, anasimamisha motari kwenye rond-point. Karani asipolipwa, karatasi yako inalala chini ya meza. Mwalimu asipolipwa, mzazi analeta mufuko wa muchele. Ni vibaya, lakini nchi imezoea kuishi hivyo. Sasa fikiri: piloti asipolipwa, anajipanga na nini? Hana rond-point kule juu. Yeye iko na vitu vitatu tu vya kuuza: kilo, masaa, na roho yake ya kusema "hapana".

Anaweza kufumba macho mizani ikidanganya, na mizigo ya mutu ikaingia bila kuandikwa. Anaweza kuruka safari ya ine siku moja, hali mwili wake ulikwisha kuchoka kwenye safari ya tatu, juu analipwa kwa safari, si kwa mwezi. Na kubwa kupita yote: anaweza kuona wingu jeusi juu ya muto, akajua ndani ya moyo kwamba inafaa kungojea, lakini patron anapiga simu, na nyumbani kodi ya miezi mitatu haijalipwa. Mutu mwenye analipwa vizuri, na kwa siku yake, anaweza kumujibu patron: "Hapana, leo siruki." Ile hapana njo tunanunua pale tunaponunua biye. Hatununui kiti peke yake.

Tunakumbuka Kisangani, tarehe 8 Julai 2011. Boeing 727 ya Hewa Bora ilianguka ikitaka kutua katika mvua kubwa, na watu zaidi ya 70 walikufa. Hatusemi mushahara ulikuwa sababu. Hatuna haki ya kusema hivyo. Tunasema tu kwamba kila mara wingu linasimama mbele ya ndege, uamuzi uko katika kichwa cha mutu mumoja ao wawili, na kile kichwa kinapaswa kuwa na usingizi, na kuwa bila deni.

Hesabu ya dola mbili

Patron atajibu: nikilipa vizuri, biye itapanda, na nyinyi mutalia. Basi tufanye hesabu pamoja, kwa mufano. Ndege ndogo, watu 40 ndani, safari ya Kindu na Kisangani, karibu saa moja. Tuseme komanda na kopiloti kila mumoja anapata dola 5,000 kwa mwezi, na wanaruka masaa 60 kwa mwezi. Wote wawili ni dola 10,000. Gawanya kwa 60, ni karibu dola 167 kwa saa. Gawanya kwa watu 40. Kila musafiri anawalipa dola 4 na senti kidogo.

Sasa patron akate mishahara nusu. Musafiri atapunguziwa dola mbili. Mbili! Go-pass yenye tulianza kulipa mwaka 2009 ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na 50 kwa safari ya inje, na tulilipa. Bei ya biye inapanda juu ya mafuta, vipande, bima, taxe juu ya taxe. Piloti si yeye anafanya biye iwe juu. Kumulipa vibaya kunatupunguzia bei ya kikombe cha chai na mukate, na kunatuongezea hatari yenye hakuna mutu anaweza kuhesabu. Wazee walisema: rahisi ni gali.

Na kuna hasara ingine. Huko Ulaya na Marekani, masomo ya kupata leseni ya kuendesha ndege za kampuni yanapita dola 50,000 bila shida. Familia gani ya Alunguli itauza shamba na nyumba ili mutoto asome kazi yenye mushahara wake haujulikani? Na yule mwenye amefaulu, kwa nini abaki? Kampuni zetu zote zimekatazwa katika anga ya Ulaya. Piloti mwenye anataka kukua ataenda kwa wale wenye wanaruka mbali na wanalipa kwa siku yake. Kisha tutakodisha mugeni, kwa dola, kufanya kazi ambayo mutoto wetu alijua kufanya.

Yenye tunaomba

Tunaomba mambo ine, na hakuna hata moja lenye linahitaji ndege mupya.

Kwanza, Autorité de l'Aviation Civile, inapokagua kampuni kwa kuipa ao kuiongezea cheti, isiangalie mashini tu. Iombe pia daftari la mishahara na daftari la masaa ya kuruka. Kampuni yenye iko na miezi mitatu bila kulipa mapiloti na mafundi wake, ihesabiwe sawa na kampuni yenye tairi lake limekwisha. Sheria ya anga ya 31 Desemba 2010 iko. Inafaa itumike mupaka pale.

Pili, kampuni zilipe mushahara wa mwezi wenye kusimama, si wa safari peke yake. Masaa yaongeze juu, lakini yasiwe chakula chote. Na mchango wa CNSS ufike kweli CNSS, ili wazee wa kesho wasikae miaka mbele ya ofisi na mafaili mikononi.

Tatu, wabunge wa Maniema, wakati wanauliza waziri kuhusu kiwanja cha Kindu, taa zake na piste yake, waongeze ulizo letu. Air Congo mupya ni mali ya Leta sehemu kubwa, maana yake ni mali yetu. Tuambiwe vijana wangapi Wakongo wanafundishwa kuwa mapiloti, na kama Mkongo na mugeni wenye kukaa kiti kileile watapimwa na mizani moja.

Ine, siye wasafiri. Ndiyo, siye. Nani alimupa kijana wa mizani matabishi ili kilo 35 ziandikwe 20? Nani alimupigia kelele komanda aliposema hataruka katika mvua, akimwita mwoga mbele ya watu? Tumefanya hivyo, wengi wetu, na mara ingine mwandishi wa mistari hii alikuwa katikati ya wale wenye kupiga kelele. Tulifika siku ya pili, wazima, na hatukumuambia aksanti.

Safari yenye kuja, ukiwa kwenye mustari na tiketi mukononi, uliza maulizo yako matatu. Kisha uliza la ine kwa sauti, ili karani wa kampuni asikie: mapiloti wenu mumewalipa mwezi huu? Huenda hatakujibu. Lakini wasafiri 40 wakiuliza kila siku, patron atajua kwamba ulizo liko.